Bafu la Mama na Hesabu ya Ukutani

Sehemu ya saba

Mlionifuata tangu mwanzo mnayajua ya nyuma. Aliyefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza namfupishia: nilikuwa mtunza stoo wa shule, magunia matatu ya unga yakaonekana hayapo, nikafukuzwa. Nikarudi nyumbani kwa mama, pamoja na mke wangu na watoto wawili. Nikapewa kusimamia kuezeka upya nyumba ya mama kwa pesa za wadogo zangu, mabati yakapanda bei kazi ikiwa katikati, nikaonekana mla hela. Kisha mama akateleza bafuni kwenye kigae kilichopasuka, akavunjika mkono na kuumia nyonga.

Pesa ya mabati sikula hata senti. Nalisema kwa mara ya saba katika sehemu saba, na nimechoka kulisema.

Ya leo ni tofauti. Leo kosa ni langu.

Wadogo zangu ni wawili. Wa kike anafanya kazi ya uhasibu, na tangu zamani tunamwita Risiti, kwa sababu hata ukimnunulia pipi atakuuliza risiti iko wapi. Wa kiume ni dereva wa malori ya mbali, tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho. Na mimi, kifungua mimba, tangu ile kazi ya paa wananiita Mabati. Wanaandika kabisa kwenye kundi la familia: “Mabati, mama anaendeleaje?”

Wanacheka. Na mimi natuma vile vikatuni vya kucheka. Mke wangu peke yake ndiye anayejua kwamba nikishaituma hiyo picha ya kucheka, naiweka simu kifudifudi.

Sasa sikilizeni.

Kwa wiki sita mama alikuwa anaogeshwa na mke wangu. Anakalishwa kwenye stuli ya plastiki, anafumba macho kama mtoto anayechomwa sindano, na hafumbui mpaka afunikwe taulo. Mwanamke huyu ameuza vitambaa sokoni miaka thelathini. Hajawahi kuomba mtu hata uzi.

Asubuhi moja, bado nywele zimelowa, akaniita.

“Mwanangu, hilo bafu litengenezwe.”

“Litatengenezwa, mama. Tutaliweka zuri.”

“Sitaki zuri. Nataka niingie mwenyewe, nifunge mlango, nioge, nitoke. Niwekee komeo la ndani.”

“Komeo tu?”

“Komeo. Mkeo ni mtoto mwema, Mungu amzidishie. Lakini nimechoka kuangaliwa.”

Akageukia ukuta. Mke wangu alikuwa amesimama na beseni mkononi, akajifanya hakusikia.

Nikaenda kumtafuta fundi wa vigae siku ileile. Nikamleta, mtu mfupi, maneno machache, penseli sikioni. Akapima. Bafu letu ni la kugeukia tu: mita moja na nusu kwa mbili. Akagonga sakafu kwa kisigino, akatikisa kichwa.

Fundi huyu hana daftari. Hesabu zake huziandika ukutani, pale kwenye rangi juu ya vigae vya zamani, mahali ambapo vigae vipya vitakuja kupafunika.

“Karatasi watu wanapoteza, halafu wananigombeza,” akasema. “Hapa kila mtu anaona.”

Akaandika. Vigae vya ukutani, laki tatu na sitini. Vigae vya sakafuni, vile vya kukwaruza visivyoteleza, laki moja na ishirini. Gundi na saruji, laki moja. Dawa ya kuzuia maji yasipenye, elfu sitini. Chuma cha kushikia ukutani, elfu themanini. Komeo, elfu ishirini. Ufundi, laki mbili.

Akapiga mstari chini. Laki tisa na arobaini.

“Hakuna chumvi hapo, bosi,” akasema. “Kwa mgonjwa wa nyonga, hicho chuma na hivyo vya kukwaruza usicheze navyo.”

Mtu mwenye akili angepiga picha ule ukuta na kuituma kwenye kundi. Mambo yangeishia hapo, na nisingekuwa na cha kuwaandikia wiki hii.

Nilitoa simu nipige picha. Nikakuta ujumbe wa Risiti umeshaingia: “Mabati, safari hii tupe bajeti ya kweli. Sio zile za kwako.”

Zile za kwangu!

Damu ikanipanda kichwani. Nikajiambia, leo nitawapa bajeti ambayo hata malaika hataiona kasoro. Nitasafisha jina langu humu humu bafuni.

“Fundi, niazime penseli.”

Nikaanza kukata. Dawa ya maji, nikachora mstari juu yake. Chuma cha kushikia, mstari. Nikamshusha ufundi elfu hamsini, akakubali shingo upande kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Vigae vya ukutani nikavipunguza kimo. Nikafika kwenye vya kukwaruza.

“Hivi vya ukutani,” nikauliza, “haviwezi kulazwa chini?”

“Kulazwa vinalazika. Kukanyagika ndiyo shida. Vikipata maji na sabuni ni barafu.”

“Ongeza maboksi mawili ya hivyo hivyo. Elfu arobaini.”

Akanitazama. “Bosi, unambania nani?”

Nikavikata vya kukwaruza kwa mstari mmoja mnene. Nikajumlisha. Laki sita kamili. Kitu pekee ambacho sikukigusa ni komeo, kwa sababu mama alikuwa ameliomba kwa mdomo wake.

Nikatuma kwenye kundi: “Bafu zima, vigae, ufundi na kila kitu: laki sita. Tatu kwa tatu, nyinyi wawili. Mimi nitasimamia.”

Nikakaa kusubiri sifa.

Kitinda akatuma dole gumba. Risiti akakaa nusu saa nzima, kisha akapiga simu.

“Kaka, laki sita?”

“Laki sita.”

“Bafu zima?”

“Zima. Nimebana kila mahali.”

Nikaanza kutabasamu.

“Sasa niambie,” akasema. “Kama bafu zima na vigae vyake ni laki sita, yale mabati yalikulaje milioni mbili?”

Jamani.

Nilikuwa nimejikata nyama yangu mwenyewe, na kisu wakakichukua kuwa ushahidi. Ningeweza kusema ukweli pale pale: dada, nimepunguza, gharama halisi ni laki tisa. Lakini ningesemaje? Ningekuwa mtu wa kwanza duniani kuandika bajeti ya uongo ya kujipunja, na nani angeamini?

“Mabati yalipanda bei,” nikasema.

“Sawa,” akasema Risiti. Nyinyi mnaijua hiyo sawa ya dada.

Pesa zilichukua siku kumi kuingia. Risiti alituma tatu zake zimetimia. Kitinda alituma mbili, akasema ile moja ni mwisho wa mwezi. Sikumdai, maana mtu anayeitwa Mabati hadai. Nikauza baiskeli yangu kwa elfu tisini, ile kumi nikaikopa kwa mke wangu, aliyeitoa kwenye pesa ya vifungo na uzi. Yeye ni mshonaji, na vifungo ndiyo mtaji wake.

Kwa siku zile kumi hesabu zilikaa ukutani, na mama aliendelea kuogeshwa mbele ya ukuta huo akiwa amefumba macho.

Mke wangu alikuwa amefumbua ya kwake.

“Baba watoto, mbona umekata chuma cha kushikia?”

“Kitawekwa baadaye.”

“Na vya chini?”

“Nimepata vya bei nafuu. Ni vilevile.”

Hakuniuliza tena. Amenizoea, na hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Ananiamini kwa mazoea, hana nguvu ya kuanza kunichunguza baada ya miaka kumi na nne.

Fundi akaja na nyundo, akabomoa vya zamani, akaanza kupandisha vipya. Vyeupe, vinang'aa, na ua dogo la buluu pembeni. Kigae kwa kigae vikapanda ukutani mpaka vikayafikia yale maandishi. Nilisimama mlangoni nikitazama. Ikafunikwa laki mbili ya ufundi. Likafunikwa komeo. Kikafunikwa chuma cha kushikia na mstari wangu juu yake. Kilipobandikwa kigae cha mwisho nikashusha pumzi.

Alipofika sakafuni, fundi akasimama na kigae mkononi.

“Bosi, nakuuliza mara ya mwisho.”

“Weka.”

“Mama yako ataoga humu.”

“Fundi, weka. Nitanunua mkeka wa mpira, ule wa vinyonyo vinavyonata chini. Nitautandika juu. Hatakanyaga kigae hata kimoja.”

“Umeshaununua?”

“Nitaununua.”

Akapiga magoti, akaviweka. Alipopokea pesa yake alizihesabu taratibu, akazitia mfukoni, akasema, “Vikauke siku mbili, asioge mtu. Na huo mkeka, usisahau.”

Jumamosi mchana nikaingia mwenyewe kujaribu. Nikamwaga kopo moja la maji, nikapaka sabuni kidogo chini ya unyayo, nikakanyaga.

Mguu ukaniondoka kama si wangu. Mkono ukarukia ukutani kutafuta pa kushika, ukakuta kigae kitupu, ukateleza nacho. Nikaishia kukaa chini, mtu mzima, suruali imelowa, nikitazama lile ua la buluu. Nilikuwa nimerukia pale pale ambapo chuma kingekuwa.

Nikajikaza kisabuni, nikainuka, nikabadili suruali, nikaenda dukani kununua mkeka. Nilikuwa na elfu kumi na tano zilizosalia kwenye kazi nzima. Mkeka ulikuwa elfu kumi na mbili. Nikauchagua wa kijani, nikaushika mkononi.

Simu ikalia. Kitinda.

“Kaka, kesho nipo. Nitampitia na Risiti, tunakuja kuliona bafu. Tutafika mchana.”

Hapa ndipo ninapotaka mnisamehe, ingawa mimi mwenyewe bado sijajisamehe.

Niliutazama ule mkeka. Nikafikiria: wakiukuta umetandikwa, Risiti atauliza mkeka wa nini. Ataunyanyua. Atajaribu kwa mguu, namjua. Ataniuliza mbona vinateleza. Na tena watakuja, wataketi, wataangalia meza haina hata kinywaji, watasema pesa yote tumemtumia na hata soda hana.

Nikaurudisha mkeka kwenye rafu. Nikanunua kreti ya soda na biskuti.

Mkeka nitanunua Jumatatu, nikajiambia. Mama ataogeshwa siku moja zaidi, hana haraka.

Jumapili wakafika. Risiti akaenda moja kwa moja bafuni, hata mkoba hajautua. Akawasha taa. Akapitisha kidole katikati ya vigae. Akafungua bomba, akafunga. Akalichomeka komeo, akalichomoa, kla, kla.

Nikangoja nyuma yake.

Akageuka. Macho yake yalikuwa na maji.

“Kaka, ni pazuri.”

“Umependa?”

“Kwa laki sita? Nimeuliza mtaani kwetu, wanasema haliwezekani chini ya tisa. Na risiti ulizonitumia nimezipitia usiku wa jana, zote. Kitinda hakumaliza na wewe hukusema. Ile laki ulitoa wapi?”

“Baiskeli,” mke wangu akasema kutoka jikoni, kabla sijamzuia.

Risiti akaniwekea mkono begani. “Basi hata yale mabati… huenda tulikuonea. Nisamehe, kaka.”

Miezi minane nimengoja maneno hayo. Nimeyaota. Na yalipokuja yalinikuta nimesimama juu ya vigae vya ukutani vilivyolazwa chini, nikashindwa hata kuyafurahia. Kitinda akafungua soda kwa meno, akapaza sauti: “Kuanzia leo hakuna Mabati! Kaka mkubwa!”

Wakapiga makofi. Hata watoto wakapiga.

Ndipo mama akatoka chumbani.

Alikuwa na taulo begani na fimbo mkononi. Amevaa ndala zake. Uso wake ulikuwa umechangamka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu aanguke.

“Mmekuja wote,” akasema. “Vizuri. Basi leo naoga mwenyewe.”

“Mama, kesho,” nikasema haraka. “Bado havijakauka.”

“Fundi alisema siku mbili. Leo ni ya tatu. Nimehesabu.”

“Mke wangu akusindikize basi.”

“Mkeo apumzike. Ameshanisugua vya kutosha.”

Wakacheka wote. Mama akanipita, akaingia, akaegesha fimbo nje ya mlango, akasema bafuni haingii na fimbo kama mtu anayefukuza mwizi. Wakacheka tena. Mlango ukafungwa.

Kla.

Nikabaki nimesimama. Nikasikia bomba likifunguliwa, maji yakigonga ndoo. Ndoo yetu inachukua kama dakika mbili kujaa. Nilikuwa na dakika mbili.

Upande huu wa mlango kulikuwa na jina langu, safi, limetakata, bado la moto. Upande ule kulikuwa na mama yangu. Ningependa kuwaambia sikusita hata kidogo. Nilisita mpaka ndoo ikawa karibu kujaa.

“Mama!” nikapiga mlango kwa kiganja. “Mama, usivue ndala! Usimwage maji chini! Hivyo vigae vinateleza, ni vya ukutani!”

Makofi na vicheko nyuma yangu vikakatika.

“Vya ukutani vipi?” Risiti akauliza.

“Nilipunguza bajeti. Ilikuwa laki tisa na arobaini. Nilikata vya kukwaruza, nikakata na chuma cha kushikia. Nilitaka muone kwamba sili hela.”

“Ulikata chuma cha mama?” Sauti yake ilikuwa ndogo sana. “Ili sisi tukusifu?”

Sikuweza kumgeukia. Nilikuwa nimeegemeza paji la uso mlangoni.

“Mama, fungua. Tafadhali.”

Bomba likafungwa. Kisha sauti ya mama ikaja, imetulia, kama anayeongea na mteja.

“Najua, mwanangu.”

“Unajua nini?”

“Vya kukwaruza laki na ishirini, umekata. Chuma elfu themanini, umekata. Dawa ya maji umekata. Siku kumi nilikalishwa mbele ya huo ukuta. Mlidhani nafumba macho siku zote?”

Mke wangu akaziba mdomo kwa kiganja.

“Mbona hukusema, mama?”

“Ulikuwa unalitafuta jina lako. Nikasema nikuachie ulipate, mimi nitashika bomba.” Akakohoa kidogo. “Na wewe Risiti usimgombeze kaka yako. Sasa tokeni hapo mlangoni nyote. Nimekanyaga matope ya soko miaka thelathini, nitashindwa na vigae? Niacheni nioge.”

Hakuna aliyetoka. Tulisimama wote wanne kwenye kile kibaraza chembamba, hatutazamani. Tukasikia kopo la kwanza la maji, kisha la pili. Tukamsikia akiguna kwa raha, mguno wa mtu aliyeyakosa maji yake mwenyewe kwa wiki nane. Risiti akaanza kulia kimya kimya. Nikafikiri, labda. Labda Mungu amenisitiri.

Kopo likaanguka.

Liligonga vigae mara mbili, likabingirika, likatulia. Baada yake kikaja kishindo kingine, kizito, si cha kopo.

“Mama?”

Tulisikia maji yakiingia kwenye tundu, basi.

“Mama!”

Mke wangu akanisukuma pembeni, akaita, akaita tena. Kitinda akatupa chupa, akarudi nyuma hatua mbili, akaupiga mlango bega. Haukutikisika. Akaupiga tena. Akashika bega lake, akanitazama.

Risiti alikuwa amenikamata shati kifuani kwa mikono yote miwili.

“Hilo komeo,” akasema. “Kaka, hilo komeo ni la namna gani?”

Ni chuma kizito, urefu wa kiganja, na skrubu nne ndefu. Katika bajeti nzima, ndicho kitu pekee ambacho sikukipunguza.